Mgonjwa wa Akili si Kioja cha Mtaa

Kwa miaka 19 kaka yangu mkubwa alikuwa Maskati. Hivyo ndivyo walivyoambiwa majirani, ndivyo walivyoambiwa wakwe, na ndivyo nilivyomjibu hata imamu wa msikiti wetu kila alipomuulizia. Ukweli, ndugu msomaji, ni kwamba hajapata kupanda ndege maishani mwake. Alikuwa juu ya vichwa vyetu tu, ghorofa ya pili ya nyumba yetu ya Mji wa Kale, Mombasa, katika chumba kinachotazama uani, yeye na redio yake na msahafu wake.

Jambo hili nimelikalia muda mrefu, na nalitoa leo kwa idhini yake mwenyewe. Lililonitoa kimyani ni baraza ya akina mama wa mtaa wetu.

Baraza yenyewe haina makuu. Alhamisi ya mwisho wa mwezi, baada ya sala ya alasiri, hutandikwa mikeka katika ukumbi wa nyumba mmojawapo, ikaletwa kahawa na kaimati, na watu wakaketi. Huja muuguzi wa maradhi ya akili, binti wa Kitaita ambaye Kiswahili chetu amekishika barabara. Huja pia wahudumu wa afya wa mitaani, wale ambao mwaka 2023 serikali iliwapa mikoba ya vifaa na kuwatuma nyumba kwa nyumba. Hotuba hapana. Ukipita njiani ukasikia vicheko vyao utadhani wamo katika matayarisho ya arusi.

Aliyeianzisha ni mama mmoja muuza viazi karai. Mwanawe alikuwa akisikia sauti za watu wasiokuwako, naye mama kila akiulizwa hujibu, "Ana homa." Homa hiyo ikaendelea miaka minne. Siku moja mteja akamuuliza tena, naye akaweka mwiko chini akasema, "Hana homa. Ana maradhi ya akili, na anakunywa dawa." Akatazamia mteja aondoke. Mteja akavuta kigoda akaketi, akamwambia, "Na dada yangu pia." Wakawa wawili, kisha watano. Sasa wapita 30, na wanaume tumeanza kuingia mmoja mmoja, tukijifanya tumefuata kahawa.

Mimi ni mtu wa maneno, kwa hiyo lililonigusa kwanza ni maneno. Mwezi ule wa kwanza nilioketi nao, muuguzi aliwauliza watu wayataje majina yote wanayoyajua ya mtu mwenye maradhi haya. Yakamiminika: mwendawazimu, mwehu, punguani, kichaa, chizi, zuzu, aliyerukwa na akili, mwenye mtu kichwani. Kisha akauliza majina ya mwenye maradhi ya sukari. Pakawa kimya. Mama mmoja akasema, "Si mgonjwa wa sukari tu?" Sote tukacheka, lakini mimi kicheko kilinikwama kooni, maana katika majina yale manane sidhani kuna hata moja ambalo sijapata kulitia katika shairi, tena kwa ajili ya kuchekesha.

Hata jina la hospitali tumeligeuza tusi. Ni Mkenya gani hajaambiwa, au hajamwambia mwenziwe, kwamba anafaa kupelekwa Mathari? Waama hospitali ile haikuanza kwa heri. Mahali pale palikuwa pa kuwatenga wagonjwa wa ndui, na mwaka 1910 Waingereza wakapafanya nyumba ya kuwafungia wendawazimu. Daktari mmoja aliyeisimamia miaka mingi, J. C. Carothers, alichapisha kitabu mwaka 1953 akidai kuwa akili ya Mwafrika mzima ni kama ya Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukatwa mishipa ya ubongo wa mbele. Ikiwa tabibu mwenyewe amemwona hivyo aliye mzima, aliye mgonjwa atamwonaje? Hospitali ya leo si ile ya wakati huo. Ni hospitali ya taifa ya rufaa na ya kufundishia madaktari. Lakini jina halijasafika, na sisi wa pwani, wenye wodi yetu ya maradhi haya pale Port Reitz, tumelirithi tusi hilo pamoja na wenzetu wa bara.

Sasa nirudi kwa kaka. Tulisoma chuo kimoja, na mwalimu wetu hakuwa mtu wa kusifu wanafunzi, lakini kaka akisoma alikuwa akifumba macho. Alihitimu msahafu mapema kuliko sisi wote. Mwaka 1986, akiwa na umri wa miaka 20, akaanza kutolala. Akawa akisema kuna watu dari ya pili wanamhesabu pumzi zake. Akaacha kula chakula kilichopikwa na mama, akidai kimetiwa kitu.

Tulifanya waliyofanya wote. Aliandikiwa kombe kwa zafarani akanywa. Alifukizwa ubani na buhuri. Likapigwa bao, likasema ana pepo la bahari linalotaka ngoma, na ngoma ikachezwa kwa pesa za mkufu wa mama. Siwacheki walioyafanya, kwa kuwa yalifanywa kwa mapenzi, na kisomo kilimtuliza kweli. Hata leo humtuliza. Lakini ilipofika zamu ya mganga mmoja ng'ambo ya kivuko, huko alitiwa mnyororo mguuni, akafungwa shinani mwa mwembe miezi mitatu. Kovu lake analo hadi sasa, kama bangili. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea chakula. Nilikuwa nikikiweka chini, mbali kidogo, kisha nikikisogeza kwa fimbo, kwani niliambiwa pepo huhama.

Nilidhani ni sisi peke yetu. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watu wenye maradhi ya akili wanaofungwa minyororo au kufungiwa ndani, katika nchi zipatazo 60, Kenya ikiwa mojawapo. Nilipoisoma nililitazama kovu la kaka nikaona aibu ambayo haikuwa yake.

Mwaka 1988 mjomba wetu alimtoa kule kwa nguvu akampeleka hospitali. Alipata dawa, na ndani ya wiki chache akauliza ni siku gani. Hapo ndipo tungalipaswa kushukuru Mungu na kufungua madirisha. Lakini dada yetu alikuwa ameanza kuposwa. Mama akahofu: wakijua kuna mwehu nyumbani, nani atachukua mke humu? Ndipo safari ya Maskati ikazaliwa. Kaka akapandishwa juu, na posa ikajibiwa.

Uongo, kama mjuavyo, hauli kidogo. Mtu aliyeko Maskati huandika barua. Mama hakujua kuandika, na mimi nilikuwa nimekwisha kusifika kwa kalamu, basi nikawa ndiye Maskati. Niliziandika barua za kaka kwa miaka, nikitaja joto la huko, bei ya halua, na salamu kwa fulani na fulani. Mama alikuwa akizisomesha barazani mbele ya wageni. Siku ya arusi ya dada, mwaka 1989, niliandika barua ndefu ya kuomba radhi kwa kutohudhuria, watu wakalia. Mwenyewe alikuwa juu, akisikiliza vigelegele kupitia ubaoni. Aliniambia baadaye kuwa aliyajua maneno yote ya barua ile, maana nilikuwa na mazoea ya kusoma kwa sauti ninapoandika.

Na dawa? Dawa za maradhi haya zataka kliniki, na kliniki yataka kutoka nje, na aliyeko Maskati hawezi kuonekana akingoja matatu. Akawa hupelekwa usiku, au hapelekwi. Kila alipokosa alirudi kule kule kwa wahesabu pumzi. Muuguzi wetu hulieleza jambo hili kwa wepesi: kwa wengi maradhi haya hutulizika kama yanavyotulizika ya shinikizo la damu, ila dawa iliyofungiwa kabatini haimtibu mtu. Mficha maradhi kilio kitamfichua. Sisi tulilificha jina la ugonjwa tukauacha ugonjwa wenyewe ukimla mtu wetu.

Kinachoniuma zaidi ni kuwa sisi tuliokaa mbele ya mwalimu na kibao hatuna udhuru. Twajua kuwa kalamu ya malaika huinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na aliyepotewa na akili mpaka zimrudie. Mungu amemfutia daftari, sisi tukalifungua letu. Wala si kwamba Waislamu wa kale hawakuyajua maradhi haya. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya afya ya mwili na ya nafsi, akaeleza huzuni, hofu, ghadhabu na wasiwasi, neno lile lile tunalolitumia sisi, na namna ya kuvitibu kwa mazungumzo. Mjini Kairo hospitali ya Sultani Qalawun, iliyokamilika mwaka 1284, ilikuwa na mahali pa wagonjwa wa akili. Ile ya Aleppo ya mwaka 1354 iliwawekea ua wenye chemchemi, wasikilize maji. Maji, si mnyororo!

Na tusidhani ni pepo kila tusilolielewa. Chukua kifafa, ambacho si wazimu hata kidogo, lakini watu wamekitia kapu moja. Watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust walioko Kilifi tangu 1989 wamewafuatilia wenye kifafa kwa miaka mingi, wakaona kuwa wengi hawakuwa wakipata dawa, na kwamba nyuma ya maradhi hayo huwako matatizo wakati wa kuzaliwa, vichwa vilivyoumia, malaria iliyopanda ubongoni, na minyoo. Povu la mgonjwa haliambukizi. Lakini ni wangapi wameachwa wakaungua jikoni kwa kuwa jirani aliogopa kulishika povu?

Wala siwatupi waganga na masheikh. Kule Makueni, shirika linaloongozwa na Profesa David Ndetei liliwaketisha waganga wa kienyeji, viongozi wa dini na wauguzi pamoja, wakafundishwa kuzitambua dalili na kupelekeana wagonjwa. Ndivyo ifaavyo. Katika baraza yetu yupo mzee mmoja msomaji wa kombe, naye siku hizi akishamsomea mtu humwambia, "Sasa nenda kamwone na binti wa Kitaita."

Sheria nayo inasogea. Mwaka 2022 Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa, kaunti zikapewa wajibu wa kutoa huduma hizi katika vituo vyao. Na tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kuwa kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, kilichomfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua, ni kinyume cha Katiba. Kifungu hicho kilitoa kifungo cha hadi miaka miwili. Fikiri: mtu ametolewa kamba shingoni, akafungwa pingu mkononi. Siku habari ilipotangazwa kaka aliongeza sauti ya redio, akaniita nije nisikilize. Hakusema neno, nami sikumuuliza. Kuna mwaka mmoja wa Maskati ambao hatuuzungumzi.

Mama alifariki mwaka 2008. Kaka alishuka ngazi akalibeba jeneza la mama yake mchana kweupe, nasi tukawaambia watu kuwa amerudi juzi tu kutoka ng'ambo. Naam, hata hapo tulisema uongo! Watu wakampa mkono wa pole na kumuuliza habari za Uarabuni.

Mwaka huu, Alhamisi moja, niliinuka barazani nikasema. Nilikuwa nimemwomba ruhusa kaka, nikamwomba na dada, kwa kuwa wakwe zake wangekuwako. Nikaeleza ghorofa ya pili, nikaeleza barua. Nilipomaliza sikuthubutu kumtazama mama mkwe wa dada, bibi wa miaka 80 na ushei, mwenye heshima zake. Akavuta buibui lake, akasema:

"Mwanangu, tulijua tangu siku ya posa. Mlango wa uani wa nyumba yenu na dirisha langu vyatazamana. Nilimwona akianika kanzu yake."

Nikamuuliza mbona basi walikubali kuoa.

"Kwa sababu na sisi tulikuwa na wetu," akasema, "yuko Dubai."

Huyo wao alikufa mwaka 1997, katika chumba kisichokuwa na dirisha. Hakuna aliyekuja kumtazama, kwani alikuwa Dubai. Nyumba mbili, ukuta mmoja, na kila upande watu wakinong'ona ili upande wa pili usisikie. Bibi alilia pale, na akina mama wakamshika.

Nilirudi nyumbani nikaandika ubeti, kama kulipa deni la yale mashairi yangu ya kuchekesha:

Ni mgonjwa, si kioja, mumpite mkicheka,
Mumuonapo mmoja, mumuite: ewe kaka,
Leo kwake, kesho huja, kwako nawe kukushika,
Maradhi hayana haja, kubisha yanapofika.

Nikampa kaka ausome. Sasa ana miaka 59, hudungwa sindano yake kila mwezi, na jioni huketi mlangoni akicheza bao na vijana, akiwafunga. Aliusoma kwa macho yaliyofumba nusu, kama chuoni. Akanirudishia karatasi.

"Mizani imekaa," akasema. "Lakini mshororo wa tatu uondoe. Unawatisha watu ndipo wawe wema."

Tumebishana tangu wakati huo, na ubeti, kama muonavyo, bado haujabadilika. Alhamisi ijayo ataketi nami barazani kwa mara ya kwanza, na ameahidi kulileta shauri hilo mbele ya akina mama waamue.