Mundu Mugo Si Mchawi

Nimefika Endarasha, kati ya Nyandarua na Mlima Kenya, na hapa pia nimesikia mundu mugo akiitwa mchawi. La hasha! Mchawi kwa Wakikuyu ni murogi. Mundu mugo ndiye adui yake.

Zamani, aliyevunja mwiko alipatwa na thahu, unajisi uletao maradhi. Mundu mugo alipiga ramli kwa mbegu za kibuyuni, akachinja mbuzi, kisha akamwamuru mgonjwa autapike ule unajisi. Sisi wa pwani humnywesha mgonjwa kombe, aya zilizoandikwa sahanini kwa zafarani. Wa huku alitema uovu, wa kwetu humeza baraka.

Hospitali twende, ndugu wasomaji; lakini tusimpake mganga masizi ya mchawi. Mchawi hufunga, mganga hufungua.