Kabla ya kutia sahihi: mkataba wa biashara unavyoweza kukufunga

Kampuni inakuja sokoni na ofa. Lipa ada, upewe jina letu, mabango yetu, bidhaa zetu na eneo lako la kuuzia. Kama huna pesa za kutosha, tutakuunganisha na mkopeshaji.

Kwa mwenye duka dogo, huo ni mlango wa riziki, na wapo waliofaulu kupitia kwake. Lakini kumbuka kwamba hapo unatia sahihi mikataba miwili: mmoja wa kutumia jina la kampuni, ambao wengi huuita fransaizi, na mwingine wa mkopo. Kampuni ikikunyang'anya jina lake kesho, deni halifutiki. Mkopeshaji atataka pesa zake, duka liwe wazi au limefungwa.

Je, mahakama inaweza kukuokoa?

Kenya haina sheria maalum ya fransaizi. Migogoro hii huamuliwa kwa sheria za kawaida za mikataba pamoja na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010. Mahakama zetu zimeshikilia kwa miaka mingi kwamba kazi ya jaji si kuwaandikia upya watu makubaliano yao. Mahakama huingilia kati pale mlalamishi anapothibitisha kwamba alilaghaiwa, alilazimishwa au alishinikizwa isivyo haki. Kusema tu kwamba hukusoma, au kwamba masharti ni magumu, hakutoshi. Ndiyo maana nguvu yako kubwa ni kabla ya kutia sahihi.

Vipengele vya kuangalia

• Kuvunjwa kwa mkataba: Kila upande unatoa notisi ya siku ngapi? Ada uliyolipa inarudishwa?
• Eneo: Je, kampuni inaweza kumpa mwingine leseni hatua chache kutoka kwako?
• Ununuzi wa lazima: Unalazimika kununua bidhaa kwa kampuni pekee, na kwa bei ipi?
• Migogoro: Kama mkataba unasema mzozo utaamuliwa na msuluhishi, mahakama inaweza kusimamisha kesi yako na kukurudisha huko. Uliza vikao vitafanyika wapi na nani atalipa.
• Dhamana: Je, umeweka bidhaa za duka pekee, au pia pikipiki, shamba na nyumba? Tangu 2017, mali inayohamishika kama mashine, mifugo na bidhaa za duka inaweza kusajiliwa rasmi kuwa dhamana ya mkopo.

Ahadi ya mdomo kuhusu faida, iandikwe. Lisiloandikwa ni vigumu kulithibitisha.

Vipengele vya kubana vinaweza kupingwa

Mwezi Julai 2014, baada ya malalamiko ya Airtel, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliiagiza Safaricom kuwaruhusu mawakala wa M-Pesa kuhudumia pia kampuni nyingine za kutuma pesa. Kabla ya hapo mikataba iliwazuia. Somo ni kwamba kipengele kinachoua ushindani kinaweza kuondolewa hata kama watu wengi wameshatia sahihi. Mamlaka hiyo hupokea malalamiko.

Riba ina kikomo

Kwa mikopo ya benki, kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kimeweka mpaka tangu 2007. Mkopo ukishaingia katika hesabu ya mikopo isiyolipika, riba inayoongezwa kuanzia hapo haiwezi kuzidi deni la msingi lililokuwepo siku hiyo. Kwa mfano, kama deni la msingi lilikuwa Sh100,000, riba ya baada ya hapo haiwezi kupita Sh100,000 nyingine. Gharama halali za kufuatilia deni huhesabiwa kando. Omba taarifa kamili ya akaunti kabla ya kukubali hesabu ya dalali.

Kwa wakopeshaji wa simu, hakikisha kwanza kwamba wana leseni ya Benki Kuu ya Kenya. Kanuni za 2022 zinawakataza kutumia vitisho, matusi au kuwaaibisha wadaiwa kwa watu walio katika simu zao.

Mzozo ukishazuka

Usifunge duka kwa hasira wala kuacha kulipa mkopo kimyakimya. Andika barua ya malalamiko, ubaki na nakala, na uweke pamoja risiti, jumbe za simu na mkataba wenyewe.

Kama madai yako hayazidi Sh1,000,000 na yanahusu bidhaa, huduma au pesa zako zilizoshikiliwa na mwingine, uliza kuhusu Mahakama ya Madai Madogo. Unaweza kujiwakilisha mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kuwasilishwa. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba usaidizi chini ya Sheria ya Usaidizi wa Kisheria ya 2016.

Kaunti inafanya nini?

Katiba, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti jukumu la leseni za biashara na biashara ya haki. Hata hivyo, kaunti haina mamlaka ya kufuta mkataba wala deni, na leseni ya kaunti iliyobandikwa ukutani si ushahidi kwamba masharti ya kampuni ni mazuri. Kwa hiyo, mwenye ofa akikuhimiza utie sahihi leo hii, mwombe nakala uende nayo nyumbani. Akikataa kukupa, usitie sahihi.