Vifungashio Vinavyooza: Vinaoza Wapi?

Baada ya Misa ya sikukuu ya somo wa parokia tunakula pamoja kwa furaha, kisha uwanja wa kanisa hubaki umetapakaa sahani na vikombe vya kutupwa. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Tanzania tarehe 1 Juni 2019, lakini vifungashio vingi vya chakula bado ni plastiki. Tunafurahi, basi, kusikia kwamba wataalamu wanatengeneza vifungashio vinavyooza. Hata hivyo, tulielewe neno hilo kabla ya kutuliza dhamiri zetu.

Wanga wa muhogo au mahindi huchemshwa kwa maji pamoja na gliserini, inayoupa ulaini. Ukikauka, hupatikana utando mwembamba mfano wa nailoni. Udhaifu wake ni unyevu, unaoulegeza upesi. Kwa hiyo watafiti huuimarisha kwa nyuzinyuzi za mimea au kwa kitosani, itokanayo na magamba ya kamba na kaa.

Ipo pia plastiki iitwayo PLA, itokanayo na sukari ya mahindi au miwa iliyochachushwa. Kikombe chake huoza vizuri katika mtambo wa mboji wenye joto la nyuzi 60 hivi. Kikitupwa baharini au shimoni, chaweza kudumu miaka mingi. Nyingine ni plastiki ya kawaida iliyotiwa kemikali ya kuivunjavunja: machoni hutoweka, kumbe imegeuka chembe ndogo ardhini. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku bidhaa zake mwaka 2021.

Lipo pia suala la haki. Muhogo ni chakula cha maskini. Hekima ni kutumia kwanza mabaki, kama vile makapi ya miwa, maganda ya muhogo na nyuzi za migomba. Katika Waraka wake “Laudato si’” wa mwaka 2015, Papa Fransisko alitufundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini husikilizwa pamoja.

Kwa hiyo, kamati zetu zinaponunua vyombo vya sikukuu, ziulize: kimetengenezwa kwa nini? Kitaoza wapi? Nani atakipeleka huko? Jibu likikosekana, tutumie sahani za kuoshwa na majani ya mgomba. Uumbaji tumekabidhiwa kuutunza. Maandishi ya kwenye kifungashio hayatatunza kwa niaba yetu.