Mjukuu Kakimbia, Babu Kaanguka

Kitendawili!

Tega!

Mjukuu kakimbia, babu kaanguka.

Haya, semeni. Kivuli? Sicho. Upepo na mnazi? Bado. Basi mmeshindwa, nipeni mji. Tanga siutaki. Mombasa? Huo naupokea. Nimekwenda Mombasa, nimekula, nimekunywa, nimelala, na sasa nimerudi na jibu. Babu ni programu ya zamani ya kompyuta. Mjukuu ni kompyuta mpya. Kaeni vizuri, wajukuu zangu, maana jibu hili lina kisa chake.

Mwaka 1981 kampuni ya IBM kule Marekani ilianza kuuza kompyuta ndogo ya mezani, iliyoitwa IBM PC. Ukiiwasha hukuona picha, wala hukuwa na kipanya cha kusukuma. Uliona kioo cheusi, herufi A, mshale mdogo, na kistari kinachopepesa kikikungoja useme. Na kusema kwenyewe ni kuandika. Ukiandika DIR, inakupangia orodha ya faili zako. Ukiandika COPY, inanakili. Ukikosea herufi moja tu, inakujibu kwamba amri hiyo haiijui, na kistari kinaendelea kupepesa. Mfumo ulioendesha mambo hayo ni DOS. Mzizi wake uliandikwa mwaka 1980 na kijana mmoja wa Seattle, Tim Paterson, kisha Microsoft ikaununua.

Msiudharau weusi ule. Humo watu waliandika vitabu na kupiga hesabu za maduka. Mwaka 1985 UNESCO ilitoa kwa kompyuta hizi programu ya kupanga orodha za vitabu, CDS/ISIS, na maktaba nyingi za nchi zetu zikaipata bure. CDC, kile kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, nacho kikatoa Epi Info, ambayo wahudumu wa afya wa Afrika waliitumia kuchambua takwimu za magonjwa. Jina la faili halikuruhusiwa kuzidi herufi nane, kisha nukta, kisha herufi tatu. VITABU.MST, kwa mfano. Ndani ya faili moja ya namna hiyo inaweza kuwamo maktaba nzima.

Sasa babu aliangukaje?

Programu nyingi za wakati ule ziliandikwa kwa Turbo Pascal, lugha ya kuandikia programu. Mara nyingine programu hutaka kusubiri kidogo, tuseme sehemu moja ya elfu ya sekunde. Itajuaje imesubiri kiasi gani? Ilitumia mbinu kama mchezo wenu wa kuzunguka mwembe. Mmoja anapiga ngoma, mwingine anakimbia. Kati ya pigo na pigo, anahesabu amezunguka mara ngapi. Ngoma ya kompyuta hulia mara 18 hivi kwa sekunde, yaani kila baada ya sehemu 55 za elfu za sekunde. Programu ikiamka tu, kabla ya lolote, hukimbia kuzunguka mwembe wake, huhesabu mizunguko, kisha hugawanya kwa 55. Hapo imeshajua mizunguko mingapi ni sawa na sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Jibu huwekwa kwenye kibaba cha biti 16, na kibaba hicho hakipokei zaidi ya 65,535. Mtunzi wa hesabu ile aliona kinatosha, na kwa kompyuta za siku zake kilitosha kweli. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1990 zikaja kompyuta zenye mbio nyingine kabisa. Zilizunguka mwembe mara 3,604,480 au zaidi kabla ngoma haijalia tena. Ukigawanya kwa 55, jibu linafurika nje ya kibaba. Prosesa, ubongo wa kompyuta, ikapiga kengele, programu ikaandika kosa namba 200, ikafa papo hapo, hata menyu yake haijaonekana.

Linaloniuma ni maana ya kosa lenyewe. Namba hiyo husema kuna aliyegawanya kwa sifuri. Hakuna aliyegawanya kwa sifuri! Prosesa ina kengele moja tu kwa makosa yote mawili, kugawanya kwa sifuri na jibu kukosa nafasi. Babu akahukumiwa kwa kosa ambalo hakulitenda. Baadaye mafundi waliandika viraka vya kutibu programu hizo.

Kikwazo cha pili kilikuwa mlango. Prosesa ya Intel 80386 ya mwaka 1985 ilikuwa na chumba maalumu ambamo programu ya DOS iliweza kuishi ndani ya Windows ikidhani kompyuta nzima ni yake. Mwaka 2003 kampuni ya AMD ikaleta prosesa za kompyuta zetu zenye biti 64, na zikifanya kazi kwa biti 64, chumba hicho hufungwa. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, ni ya biti 64 tu. Ukiibishia hodi na programu ya DOS, inakukatalia mlangoni.

Tiba ipo, nayo ni ya bure. Mwaka 2002 Waholanzi wawili, Peter Veenstra na Sjoerd van der Velden, walitoa DOSBox. Hii hujenga kompyuta ya zamani ndani ya kompyuta mpya, na prosesa yake na kumbukumbu yake, yote kwa kuigiza. Ukiifungua, kioo cheusi kinarudi. Andika mount c c:\zamani, halafu c:, halafu DIR. Faili zako hizo, zimejipanga vilevile. Na sasa tazameni mwendo: bonyeza Ctrl na F11, mashine inapunguza mbio, Ctrl na F12, inaongeza. Mjukuu amekubali kutembea taratibu, na babu anasimama tena.

Lakini DOSBox haiwezi kufufua kilichokwisha kuoza. Katika maktaba moja niliyofanya kazi, kompyuta ya zamani iliuzwa kama chuma chakavu, disketi zikaachwa kwenye droo. Nilipoifungua droo hiyo miaka mingi baadaye, karatasi zilizobandikwa juu ya disketi bado zilisomeka, mwandiko mzuri wa kalamu ya bluu: "Vitabu, A hadi K." Nikasukuma kando kibati cha disketi hiyo. Utando mweusi wa ndani ulikuwa umeota ukungu mweupe kama unga wa muhogo. Disketi ya L hadi Z ilisomeka. A hadi K haikusomeka, na hakuna aliyekuwa na nakala.

Kwa hiyo leo, kabla hamjalala, ulizeni nyumbani kama kuna disketi kabatini. Visomaji vya disketi vya kuchomeka kwa USB bado vinauzwa. Nakilini kila kitu, hata msichokielewa, na msiziache disketi hizo zikaingia masika nyingine.