Ngazi, Zulia na Manyoya ya Mbwa: Msuguano Unaokusaidia na Unaokuponza

Umepiga deki ngazi asubuhi. Jioni unarudi, unakuta vifundo vya manyoya vimejikusanya kwenye kona za vipandio kana kwamba hukugusa kitu. Kama unaishi na German shepherd, Labrador au husky ndani ya nyumba, unanielewa. Ukiweka zulia, manyoya yanazama humo. Ukiacha sakafu tupu, mbwa anateleza, na wewe pia. Sasa ufanyeje?

Tuchukue nyumba moja ya mfano, ya aina tunayoiona sana pembezoni mwa Nairobi: ghorofa moja juu, ngazi za terazo iliyong'arishwa, vipandio 16. Humo anaishi bibi wa miaka 74 ambaye macho yameanza kufifia, mjukuu wa miaka 6 mwenye pumu, na Simba, German shepherd wa kilo 35 aliyehamishiwa ndani baada ya wezi kuanza kusumbua mtaani. Bibi akianguka anaweza kuvunjika nyonga. Mtoto akivuta vumbi baya anaweza kubanwa kifua. Simba naye ni wa jamii inayojulikana kwa matatizo ya maungio ya nyonga. Kwa hiyo swali la nini kiwekwe kwenye ngazi si la urembo tu.

Kwanza, manyoya yenyewe

Kila unywele hukua, husimama, hupumzika, kisha hung'oka. Kwa poodle kipindi cha kukua ni kirefu, ndiyo maana hupukutisha kidogo lakini lazima anyolewe. German shepherd ana tabaka mbili: manyoya ya juu, marefu na magumu, na ya ndani, mafupi na laini kama pamba. Mengi ya yale unayoyakuta kwenye kona ni hayo ya ndani.

Katika nchi zenye baridi kali na joto kali, mabadiliko ya urefu wa mchana ni mojawapo ya ishara zinazouambia mwili wa mbwa ubadilishe manyoya. Nairobi iko karibu na ikweta, na mchana wake hubadilika kwa dakika chache tu mwaka mzima. Kwa hiyo usikae ukingoja msimu upite. Panga kana kwamba kupukutika ni kwa kila wiki.

Jambo la pili ni umbo. Ukiutazama unywele kwa hadubini utaona magamba yaliyopangana kama vigae vya paa, yote yakielekea kwenye ncha. Ukiuvuta ukitanguliza shina, unateleza. Ukitanguliza ncha, unakwama. Kumbe ndiyo siri ya zulia: kila ukikanyaga, unywele unasogea kidogo kwa upande wa shina na haurudi nyuma. Hatua mia moja baadaye umeshajichimbia ndani. Ndiyo maana mashine ya kuvuta vumbi peke yake mara nyingi hushindwa, ilhali glavu ya mpira au brashi ya mpira ikiburutwa juu ya zulia hukusanya furushi zima. Mpira unaushika unywele na kuuvuta, hewa inaupitia pembeni tu.

Sasa mguu

Anayeshuka ngazi anategemea msuguano kati ya mguu na kipandio. Mbwa akiwa amesimama tu, takriban asilimia 60 ya uzito wake iko kwenye miguu ya mbele. Kwa Simba hizo ni kama kilo 21. Akishuka ngazi, uzito unahamia mbele zaidi. Kucha zake zinaweza kuchimba udongo lakini haziwezi kuchimba terazo, kwa hiyo zinagonga na kuserereka. Juu ya sakafu iliyong'arishwa, manyoya yaliyolegea yanaongeza tatizo, kwani yanakaa katikati ya mguu na sakafu bila kushikilia upande wowote.

Hapo ndipo penye mvutano wote. Uso unaoshika mguu vizuri kwa kawaida hushika na manyoya. Uso usioshika manyoya mara nyingi haushiki mguu. Lakini tazama tofauti ya ukubwa. Mguu ni mpana, unahitaji vijisehemu vingi vya kugusa. Unywele ni mwembamba na mrefu, unahitaji kina cha kujifichia. Basi tafuta uso wenye mikwaruzo mingi lakini usio na kina: mfupi, ulioshonana, mgumu kidogo.

Pima mwenyewe

Usimwamini muuzaji, pima. Omba vipande vya sampuli. Chukua ubao wa sentimita 100, bandika sampuli juu yake, weka kiatu cha ndani anachovaa bibi kikiwa na kitu kizito ndani, kisha inua upande mmoja polepole. Kiatu kikianza kuteleza, pima umeinua sentimita ngapi. Kikiteleza kwenye sentimita 30, msuguano ni takriban 0.31. Kikivumilia mpaka 50, ni takriban 0.58. Hesabu yake ni kimo kugawanya kwa umbali wa mlalo, basi. Rudia sampuli ikiwa na maji kidogo, maana ngazi hupigwa deki.

Kama unanunua vigae, angalia maandishi ya R9 hadi R13 kwenye boksi. Yanatokana na kipimo cha Kijerumani ambapo mtu hutembea na viatu juu ya mteremko uliopakwa mafuta. R9 ni kuanzia nyuzi 6 hadi 10 za mteremko, R10 ni zaidi ya 10 hadi 19, R11 ni zaidi ya 19 hadi 27. Namba ikipanda, uso unashika zaidi, na deki inakuwa kazi zaidi.

Jaribio la pili: weka kifundo cha manyoya ya Simba, chenye ukubwa uleule, juu ya kila sampuli. Kanyaga mara 20 ukizungusha mguu. Fagia mara 5. Yaliyobaki ndiyo utakayoishi nayo.

Chaguo, moja baada ya jingine

*Zulia refu na laini.* Hili acha. Manyoya yanazama, na unene wake unaufanya ukingo wa kipandio kuwa wa mviringo na wenye kubonyea, hivyo bibi hajui kipandio kinaishia wapi.

*Zulia la vitanzi.* Linavumilia, lakini ukucha wa mbwa hunasa kwenye kitanzi na kuvuta uzi. Ukucha unaumia, zulia linafumuka.

*Zulia fupi la nyuzi zilizokatwa na kushonana, nailoni au polipropilini.* Hili ndilo linalofuata kanuni yetu. Kasoro yake ni umeme tuli: hewa ikiwa kavu, kama Januari na Februari, manyoya hung'ang'ania nyuzi hizi. Kitambaa chenye unyevu kidogo huondoa chaji hiyo.

*Mkonge.* Ni zao letu tangu lilipoletwa mwaka 1893 katika iliyokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Nyuzi zake ni ngumu, manyoya hubaki juujuu. Lakini hunywa maji na kubaki na madoa. Mbwa akikojoa mara moja, harufu inahamia kwenu rasmi. Kwa mbwa mdogo ambaye bado anafunzwa, usithubutu.

*Mpira.* Unashika mguu ukiwa mkavu, na hauna vitundu vya kuficha kitu. Chagua wenye mifereji inayoelekea kwenye ukingo, ili ufagio ufuate mfereji mpaka nje.

*Mbao iliyopakwa vanishi.* Inapendeza, inafagika, lakini kwa miguu ya Simba haina tofauti kubwa na terazo iliyong'arishwa.

Na pumu je?

Hapa wengi tunakosea. Kinachowasha mfumo wa hewa wa mtoto si unywele. Ni protini zilizomo kwenye mate na magamba madogo ya ngozi ya mbwa, na maarufu zaidi inaitwa Can f 1. Unywele ni gari tu, abiria ni protini. Kwa hiyo ngazi inaweza kuonekana safi kabisa na bado ikawa na abiria. Zulia lililogandishwa huwa ghala lao. Ufagio mkavu nao unawarusha hewani, mtoto anawavuta. Tumia kitambaa chenye unyevu, na mchane Simba nje ya nyumba. Mtoto akiendelea kubanwa, hilo ni la kumweleza daktari, halitatuliwi na zulia jipya.

Tuamue

Kwa nyumba yetu, ningeweka vipande 16 vinavyojitegemea, kimoja kwa kila kipandio, badala ya zulia moja refu lililogandishwa. Viwe vya nyuzi fupi zilizoshonana, mgongo wa mpira, vifungwe kwa utepe wa kunata unaobanduka. Kila wiki unavibandua, unavikung'uta nje, na vikichafuka unaviosha. Kimoja kikikojolewa, unabadilisha kimoja, si ngazi nzima. Kila kimoja kifike mpaka kwenye ukingo na kisicheze hata kidogo ukikisukuma kwa mguu, maana kipande kinachoteleza ni hatari kuliko terazo tupu.

Bado rangi. Mtu atakushauri uchague inayofanana na mbwa ili manyoya yasionekane. Kwa nyumba yenye mtoto mwenye pumu, manyoya yasiyoonekana ni manyoya yasiyosafishwa. Chagua rangi inayotofautiana nayo, halafu bandika mstari mweupe au wa njano kwenye ukingo wa kila kipandio. Zima taa moja jioni, mwite bibi, muulize kama anaiona mistari yote 16. Asipoiona, ongeza upana wa mstari au weka taa nyingine kabla hujalala.