Wimbo Usikilizwe Hadi Mwisho

Wapenzi wa muziki wamegawanyika. Wapo wanaoshikilia kwamba sauti ya santuri haina mfano, na wapo wanaoona kuwa muziki wa dijitali umeifanya santuri kuwa pambo la sebuleni tu. Hapa mtaani Pioneer, Eldoret, ninakoishi, vijana wengi wamo katika kundi la pili. Kwa maoni yangu, suala la msingi si chombo bali namna tunavyosikiliza.

Tuchukue mfano wa benga na rumba. Katika miaka ya 1970, nyimbo nyingi nchini Kenya zilitolewa katika santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Upande mmoja ulitosha dakika chache tu, hivyo wimbo uligawanywa: sehemu ya kwanza huku, ya pili kule. Aghalabu maneno yalitangulia, na magitaa yakapamba moto baada ya santuri kugeuzwa. Leo sehemu hizo huweza kuorodheshwa kama nyimbo mbili. Mwanafunzi husikiliza ya kwanza, akarukia wimbo mwingine, kisha akaandika insha kuhusu kazi ambayo hajaimaliza. Je, tungemruhusu kuhakiki riwaya aliyoisoma nusu?

Isitoshe, karatasi iliyobandikwa katikati ya santuri kwa kawaida ilitaja mtunzi, bendi na kampuni. Nyimbo nyingi zinazopitishwa kutoka simu hadi simu hazina hata jina la mtunzi. Kwa sisi tunaochunguza lugha, huo ni ushahidi uliopotea.

Hata hivyo, tusiibeze dijitali. Mwaka 1950, Hugh Tracey alirekodi huko Kapkatet wasichana wa Kikipsigis wakimwimba Chemirocha. Huyo si mwingine ila Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimewafikia Wakipsigis. Jina la Kiingereza lilifinyangwa kwa kanuni za matamshi ya wenyeji. Somo zuri la fonolojia lisilohitaji kitabu kutoka ng'ambo. Rekodi hiyo ilihifadhiwa Afrika Kusini, mbali na wenyewe. Zaidi ya miongo sita baadaye, nakala za dijitali ndizo zilizoirejesha kwao. Santuri ilileta jina. Dijitali ikarudisha wimbo.

Kwa hiyo nawasihi walimu wa fasihi simulizi wafanye jambo moja muhula huu. Wateue wimbo mmoja mrefu, au albamu moja, na darasa lisikilize kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kalamu mkononi. Wausikilize tena wakiandika. Kisha kila mwanafunzi atafute jina la mtunzi, mwaka na mahali uliporekodiwa. Zoezi hili halihitaji santuri. Simu moja yatosha. Linalohitajika ni subira, na subira hufundishwa.