Mazoezi na Mafuta ya Ini kwa Mwenye Kisukari

Mgonjwa wa kisukari cha aina ya pili hufundishwa mapema kuyalinda macho, figo na nyayo zake, lakini ini lake husahaulika, ingawa zaidi ya nusu ya wagonjwa hao wana ini lenye mafuta, yaani ini ambalo zaidi ya asilimia 5 ya seli zake zimeingiwa na matone ya mafuta. Chini ya hadubini, tone moja huweza kuvimba hadi likakisukuma kiini cha seli pembeni. Hata hivyo mwenye ini hilo kwa kawaida hahisi chochote kwa miaka mingi, huku kwa baadhi ya watu ini likipata uvimbe, kisha makovu.

Chanzo kikubwa ni usugu wa mwili kwa insulini, homoni ya kongosho ambayo, pamoja na kuingiza sukari katika seli, huyazuia mafuta yasitoke katika hifadhi zake chini ya ngozi na tumboni. Mwili usipoitii, mafuta hayo huvujia kwenye damu na kuishia katika ini, ambalo nalo hutengeneza mafuta mengine kutokana na sukari iliyozidi. Yanayotoka moja kwa moja kwenye sahani ni sehemu ndogo tu, na ndiyo sababu kuacha vya kukaanga peke yake hakutoshi.

Hapa ndipo misuli inapofanya kazi ambayo hakuna chakula kinachoweza kuifanya. Msuli wa paja unapojikunja na kujinyoosha, hufyonza sukari ya damu bila kuingoja insulini, na baada ya mazoezi huendelea kuitii insulini vizuri zaidi kwa siku moja au mbili, hivyo sukari inayobaki ya kugeuzwa mafuta hupungua. Kwa kuwa faida hiyo hufifia upesi, haifai mapumziko yazidi siku mbili mfululizo.

Mjini Verona, Italia, watafiti waliwagawa wagonjwa 31 wenye kisukari cha aina ya pili na ini lenye mafuta katika makundi mawili, moja likifanya mazoezi ya pumzi kama vile kutembea kwa kasi na kuendesha baiskeli, jingine likinyanyua vyuma, mara tatu kwa wiki kwa miezi minne. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalionyesha mafuta ya ini yamepungua kwa takriban asilimia 33 katika kundi la kwanza na 26 katika la pili, tofauti isiyo na uzito kitakwimu. Ni habari njema hasa kwa mwenye magoti mabovu, ambaye hata asipoweza kutembea mbali bado anaweza kunyanyua mizigo akiwa ameketi.

Mizani nayo isiaminiwe kupita kiasi. Huko Sydney, Australia, watu wanene walioendesha baiskeli kwa wiki nne tu walipunguza takriban moja ya tano ya mafuta ya ini pasipo uzito wao kubadilika, na inasikitisha kwamba wengi huacha mazoezi kwa kuona uzito haupungui, wakati ini limekwisha kuanza kupona. Anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi, ambavyo huweza kuishusha sukari kupita kiasi, apime sukari kabla ya kuanza na awe na glukosi mfukoni. Na aliyekufa ganzi miguuni akung'ute viatu kabla ya kuvivaa, kisha akague nyayo arudipo.